Okidi, mawe ya volkano na makala: niliyojifunza Goma

Okidi nyingi ninazoletewa zinafika zikiwa kwenye udongo. Tena udongo mzuri: ule mweusi wetu, laini, uliotokana na volkano, unaostawisha maharage na viazi bila mbolea ya duka. Mwenye ua alitaka kulipatia ua lake kilicho bora kuliko vyote alivyo navyo. Miezi michache baadaye majani yanalegea na kujikunja, anaona lina kiu, anaongeza maji, na majani yanazidi kulegea. Akifika kwangu anauliza kama kuna dawa.

Dawa ya kunyunyiza sina. Nina wembe, moto, mawe na makala.

Nafanya kazi ya maua hapa Goma. Napamba harusi, natunza mimea ya hoteli na ofisi chache za upande wa ziwa, na nyumbani Himbi nina kibaraza kilichojaa okidi, nyingine zangu, nyingine za watu waliozileta zikiwa hoi. Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja wa Bukavu, aliyetunza bustani ya masista karibu maisha yake yote. Ukimwuliza habari za majani, anakujibu habari za mizizi. Ukimwuliza habari za maua, anarudi kwenye mizizi. Siku hizi na mimi nawajibu watu vivyo hivyo, na naona wanavyonitazama.

Chukua Phalaenopsis, ile okidi ya maua mapana ambayo watu wengi wanaipata Kigali au Kampala na kuivusha mpaka wakiwa wameipakata. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, Ufilipino na Indonesia na nchi za jirani, na huko haikai ardhini. Inashika gome la mti, mizizi yake inaning'inia hewani. Mvua ikinyesha mizizi inalowa. Upepo ukivuma, baada ya saa chache imekauka. Mzizi umevikwa tabaka jeupe la seli zilizokufa, kazi yake kunyonya maji kwa haraka na kuyashika kidogo. Ukilowa, tabaka hilo linakuwa angavu na kijani cha ndani kinaonekana. Ukikauka, unarudia rangi ya fedha. Sasa uzike mzizi wa namna hiyo kwenye udongo laini uliojaa maji. Hewa inakwisha, mzizi unaoza, na majani yanakosa maji ilhali chungu kimelowa chepechepe. Kwa hiyo okidi iliyozidiwa na maji na okidi iliyonyimwa maji zina sura moja kwa nje, na hakuna namna ya kujua mpaka uitoe kwenye chungu uitazame chini.

Nakumbuka mama mmoja wa Katindo aliyeniletea Phalaenopsis ndani ya ndoo, amekaa nayo nyuma ya motari, ndoo katikati ya magoti. Ilikuwa zawadi ya mkwe wake siku ya harusi ya binti. Majani manne, yote yamelala.

"Mwanangu, hii imekufa?"

"Haijafa, mama. Kaa hapa, tuifungue pamoja."

Huwa sipendi kumfanyia mtu kazi hii akiwa hayupo, kwa sababu kinachofundisha ni vidole. Nililowesha chungu kwanza. Mizizi mikavu inavunjika kwa urahisi, iliyolowa inapinda. Tukakiminya kwa nje, tukakilaza, tukavuta taratibu. Udongo ulitoka mzima, una umbo la chungu, na harufu ilikuwa ya dimbwi. Tuliuosha wote kwenye beseni mpaka mizizi ikabaki mitupu.

"Bonyeza huu," nikamwambia.

"Ni mgumu."

"Huo ni mzima. Na huu?"

Akaubonyeza, ukasinyaa. Akauvuta kidogo, na ngozi yake ikachomoka mkononi mwake, ikabaki nyuzi nyembamba ya katikati. Akaushika kimya akiutazama.

"Huo umekwisha, mama. Ukate hapo palipo pagumu."

Alisita. Watu wengi husita hapo. Wanaona wanamwumiza mgonjwa. Ila mzizi uliooza hauponi, na uozo hausimami pale ulipo, unapanda kuelekea kwenye shina. Alikata mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki mizizi michache mifupi. Ukiitazama unasema haiwezi kulisha majani manne. Inaweza, ukiipa hewa na subira. Phalaenopsis yenye mizizi mitatu migumu nina imani nayo kuliko yenye mizizi ishirini inayonuka.

Jambo moja hapo huwaponyoka hata wenye uzoefu: usikate kwa kuangalia rangi. Mizizi iliyokulia gizani ndani ya chungu cha udongo wa kufinyanga huwa ya manjano au kahawia, na bado ni mizima kabisa. Rangi inadanganya, vidole havidanganyi. Bonyeza kila mmoja kabla ya kuukata.

Kisha kuna suala la chuma unachokatia, na hapa siwezi kuwa mpole. Okidi zina virusi vyake. Viwili vinajulikana duniani kote kwa wanaozilima, kimoja kinaitwa virusi vya mozaiki ya Cymbidium na kingine virusi vya madoa ya pete vya Odontoglossum. Vinahama na utomvu kutoka mmea hadi mmea, juu ya kisu, juu ya mkasi, hata juu ya kucha. Mmea ukishavipata hakuna tiba. Unaweza kuendelea kuishi na kutoa maua yenye michirizi, na kila ukiukata na kuhamia mmea wa jirani unaviambukiza. Nimewahi kuona kibaraza kizima cha mtu kimejaa majani yenye mabaka, kwa sababu mtunza bustani alikuwa anapita na mkasi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari, kila Jumamosi, kwa moyo safi kabisa.

Kwangu, kila mmea una wembe wake. Wembe ni bei ndogo kuliko ua. Nikitumia mkasi kwa mashina manene, naupitisha kwenye moto wa jiko mpaka nione joto limeingia pande zote mbili, nauacha upoe, ndipo naugusisha mmea. Vyungu vya zamani navilowesha nusu saa kwenye maji yenye javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kipimo kimoja cha javeli kwa tisa vya maji, kisha navisuuza sana na kuvianika.

Baada ya kukata, usipande papo hapo. Laza mmea kivulini, juu ya gazeti, hadi kesho yake, vidonda vikauke. Watu wameambiana kupaka unga wa mdalasini, na mdalasini kweli unazuia kuvu. Lakini pia unakausha. Upake kwenye kidonda cha jani au cha shina, kidogo, na uuweke mbali na mizizi iliyo mizima. Nimeletewa okidi iliyonyunyiziwa mdalasini kila mahali, inanukia chai, na mizizi yote imekauka.

Sasa mawe. Hapa ndipo ninaposema Goma tumebarikiwa, na nasema hivyo nikijua mawe haya yametugharimu nini. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama kwenye ukingo wa mji upande wa Buhene. Tunajenga juu ya mawe hayo, tunajenga kwa mawe hayo, na kila paseli ina rundo lake kwenye kona. Wenzetu wa nchi za mbali wanaolima okidi wananunua mawe ya volkano dukani, kwenye mifuko midogo.

Lakini si kila jiwe. Lile zito, lililoshikana, la kujengea ukuta, halina faida hapa. Natafuta jepesi lenye vitundu, lile linalochimbwa kwenye vilima vidogo vya volkano, jekundu au jeusi, ambalo ukilishika unashangaa uzito wake. Vitundu vinashika unyevu kidogo, na kati ya jiwe na jiwe hewa inapita. Nalivunja kwa nyundo hadi vipande vya sentimita moja au mbili kwa Phalaenopsis, vikubwa zaidi kwa Cattleya, okidi nyingine ambayo inataka kukauka haraka. Halafu naosha. Naosha tena. Vumbi la mawe hayo likibaki linashuka chini ya chungu na kuwa tope, na hapo umerudi kwenye udongo uleule uliokuwa unaukimbia. Mawe ya zamani nayachemsha kwenye sufuria kabla ya kuyatumia upya, maana jiwe haliozi na unaweza kulirudisha kazini miaka na miaka.

Makala nayachanganya humo. Mengi ya makala ya mji huu yanatoka kwenye misitu inayostahili kuachwa isimame, kwa hiyo sinunui gunia kwa ajili ya maua. Wamama wanaouza makala kwa rundo hubaki na vipande vidogo chini ya gunia ambavyo mpishi havitaki; hivyo ndivyo ninavyochukua, nachekecha vumbi, nasuuza. Ni mepesi, yanakauka vizuri, hayaozi upesi. Yasiwe yamepita jikoni: yenye majivu yanabeba chumvi za majivu, na mzizi mchanga unaungua.

Kitu cha tatu ni gome la msonobari, ninalolipata kwa wapasua mbao. Nalikatakata, nalilowesha siku kadhaa nikibadilisha maji mpaka yaache kuwa ya kahawia. Gome linashika unyevu kuliko mawe, na ni la lazima kwa mwenye kibaraza chenye upepo. Ila gome ni kitu kinachooza. Baada ya miaka miwili hivi limekuwa unga mweusi na limeziba njia za hewa, na ndiyo sababu kubwa ya kubadilisha chungu hata kama okidi inaonekana haina tatizo. Kipimo changu cha kawaida ni nusu mawe, robo makala, robo gome. Mzee wangu wa Bukavu aliweka gome zaidi. Kila mtu na kibaraza chake.

Chungu kiwe kidogo. Hili nalirudia kila mara na kila mara napingwa. Pima mizizi, usipime majani: chungu kiwe cha kuitosha mizizi na nafasi ya kidole tu pembeni. Chungu kikubwa kinabaki na maji katikati ambako mizizi haijafika. Kwa Phalaenopsis nakata chupa ya plastiki angavu ya maji ya lita moja na nusu, natoboa matundu mengi kwa msumari uliochomwa, chini na ubavuni pia. Plastiki angavu ina faida mbili. Mizizi ya okidi hii ina kijani ndani yake na inatumia mwanga. Halafu unaiona: ikiwa ya fedha, mwagilia, ikiwa ya kijani, acha. Nimewafundisha watoto wa jirani kanuni hiyo na hawajawahi kukosea.

Unapopanda, shika mmea kwa mkono mmoja, shingo yake iwe sawa na mdomo wa chombo, na uangushe mawe taratibu kuzunguka mizizi, ukigonga chombo mezani ili yajipange. Usibonyeze kwa nguvu. Shingo isizikwe. Jani la chini likigusa mawe yenye maji, uozo unaanzia hapo. Kama mizizi ni michache na mmea unayumba, funga kwenye kijiti, kwa sababu mmea unaotikisika kila upepo ukipita unavunja ncha za mizizi mipya, zile ncha za kijani zinazong'aa. Ncha hizo ndizo saa yako. Ukiziona zinaanza kuchomoza chini ya shina, baada ya maua kuanguka, huo ndio wakati mzuri kuliko wote wa kubadilisha chungu. Mizizi mipya inaingia kwenye mawe mapya ikiwa na nguvu. Mmea wenye maua usiuguse, isipokuwa umeoza. Uliooza unaufungua leo, maua au bila maua.

Kisha usimwagilie siku tatu au nne. Usiupe mbolea mpaka uone mzizi mpya unatembea.

Juu ya maji nina mengi ya kusema, kwa sababu ndiyo yanayowashinda watu wa Goma waliokwisha kufanya kila kitu vizuri. Mvua yetu inazama moja kwa moja kwenye mawe, mji hauna vijito, kwa hiyo maji mengi tunayotumia, ya bomba na ya bidoni, yanatoka Ziwa Kivu. Maji ya ziwa hili yana chumvi nyingi za madini kuliko maji ya mto, na si ya tindikali, yanaelekea upande wa pili kabisa, pH karibu 9. Kwa kuoga na kufua hakuna neno. Kwa okidi ni mateso ya polepole. Utaona ukoko mweupe juu ya mawe na kwenye matundu ya chungu. Utaona ncha za mizizi zimekuwa nyeusi na kavu, ingawa chungu kina hewa ya kutosha. Ukiona hivyo, usikimbilie kubadilisha chungu tena. Badilisha maji.

Maji ya mvua ndiyo yake. Nakinga kwenye mapipa, lakini si mvua ya kwanza baada ya kiangazi wala ya kwanza baada ya moshi mzito wa Nyiragongo au Nyamulagira. Moshi ule unabeba gesi ya salfa, na mvua inayopita ndani yake inafika kwenye bati ikiwa ya tindikali, pamoja na majivu. Naacha ioshe paa kwanza, ndipo nasogeza pipa. Majivu yakitua juu ya majani nayafuta kwa kitambaa chenye maji, jani kwa jani, nikilishika kwa chini lisivunjike. Kiangazi kikiwa kirefu na pipa limekauka, natumia maji ya bidoni, lakini kila mara ya nne au ya tano nausafisha mmea kwa maji ya mvua niliyoyaficha, namwaga mengi yapite yote yatoke chini. Na namwagilia asubuhi tu. Tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, usiku unashuka hadi karibu nyuzi 15, na tone la maji likilala katikati ya majani ya Phalaenopsis usiku wa baridi, moyo wake unaoza. Moyo ukioza, mmea huo hauna pengine pa kukulia. Likiingia, linyonye kwa ncha ya karatasi ya choo.

Mwaka ule wa 2021 nilipata kuona nguvu ya hewa kuliko somo lolote. Tarehe 27 Mei, matetemeko yakiendelea, ilitolewa amri ya kuhama kartie 10 kati ya 18 za mji, na hata wa kartie nyingine wengi waliondoka. Tuliondoka nasi, na nguo na watoto, okidi zikabaki kibarazani. Jirani mmoja aliyekataa kuondoka alizionea huruma. Akajaza maji kwenye sahani za zile zilizokuwa karibu na ukuta wake, zikae na akiba. Zile za mbali hakuzifikia. Tuliporudi mwezi Juni, zile za mbali zilikuwa na majani laini kidogo na mizizi yote ya fedha, na baada ya kuloweshwa ziliamka. Zilizokaa kwenye sahani za maji zilikuwa zimeanza kuoza kutoka chini. Kadhaa nilizikata mizizi karibu yote. Jirani yule aliumia sana moyoni, na nilimpa moja iliyopona. Mpaka leo anaitunza, haina sahani.

Kukata sehemu za juu ni kazi nyepesi zaidi. Shina la maua la Phalaenopsis likimaliza, litazame. Likiwa la kahawia na kavu, kata karibu na chini, ubakize sentimita mbili. Likiwa bado la kijani, hesabu macho kutoka chini, yale mavimbe madogo yenye ganda, ukate juu kidogo ya jicho la pili au la tatu; mara nyingi litatoa tawi na maua machache. Mimi hufanya hivyo kwa mmea wenye afya tu. Mmea dhaifu, wenye majani mawili au mizizi michache, nalikata shina lote hata kama ni la kijani, hata kama mwenyewe ananung'unika. Maua hayo machache mmea ungeyalipia kwa nguvu ambazo mizizi inazihitaji.

Jani la chini linalogeuka manjano peke yake, likiwa moja, ni uzee. Liache likauke kabisa lijiachie. Au lipasue katikati kwa urefu, kila nusu uivute upande wake, lisiache kidonda kikubwa shinani. Majani mawili matatu yakienda manjano kwa pamoja, rudi kwenye mizizi.

Cymbidium ni hadithi nyingine, na ni okidi ninayowashauri watu wa Goma na Bukavu kuliko Phalaenopsis, kwa sababu inapenda usiku wa baridi kama wetu. Hiyo ina bulbu, vile vivimbe vya kijani vinavyohifadhi maji na chakula, na inajaza chungu mpaka inakipasua. Kuigawa kunataka kisu kirefu na nguvu ya mkono. Usigawe kila bulbu peke yake kwa tamaa ya kupata miche mingi. Kila fungu libaki na bulbu tatu au nne zilizoshikana, la sivyo utakaa miaka bila ua. Bulbu kuukuu zisizo na majani, zikiwa bado ngumu na za kijani, usizitupe. Ziweke kwenye gome lenye unyevu kidogo, kivulini, nyingi huchipua. Dendrobium nayo ina mashina marefu yanayodondosha majani, na wafanyakazi wa bustani huyakata wakidhani yamekufa. Yaache. Yanalisha mashina mapya, na mengine yanatoa maua tena, au mche mdogo juu ya shina, ambao unautenga mizizi yake ikifika urefu wa kidole.

Kuna jambo linalonikera, niliseme. Wakati mwingine vijana wanatembeza okidi za porini, zimeng'olewa na kipande cha gome, kwenye mfuko. Misitu yetu ina okidi zake, na ni nzuri mno, nyingine zina maua madogo meupe yanayonukia usiku tu. Lakini zimezoea mti ule, urefu ule, ukungu ule, na nyingi zinakufa ndani ya chungu kabla ya mwaka. Mbegu ya okidi ni vumbi tu, haina akiba ya chakula, porini haioti bila kuvu maalumu kuisaidia, kwa hiyo iliyong'olewa haipati mrithi kirahisi. Biashara ya okidi kuvuka mipaka inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na ndani ya hifadhi kama Virunga au Kahuzi-Biega kung'oa mmea ni kosa. Mimi sinunui. Nikikuta tawi limeanguka kwenye paseli ya mtu na okidi juu yake, naifunga kwenye mti uleule kwa uzi wa katani, upande wa kivuli, naiacha.

Yule mama wa Katindo, kabla ya kuondoka na chupa yake ya mawe, aliuliza swali ambalo wote huuliza: "Na maua, mwanangu, lini?" Nikamwambia atazame kwanza mzizi mpya, kisha jani jipya lenye urefu kama la zamani au zaidi. Akishapata jani hilo, asubiri usiku wa baridi, wiki kadhaa mfululizo, ambao kwetu si shida, na aweke chupa karibu na dirisha la mashariki lipate jua la asubuhi pekee. Shina la maua likichomoza litaonekana limechongoka na bapa kidogo, wakati mzizi una ncha ya mviringo. Asije akalikata akidhani ni mzizi. Kuanzia hapo ni miezi mingine miwili au mitatu. Mmea uliopoteza mizizi mingi unaweza kuruka mwaka mzima bila ua, na huo ni mwaka wa kuumwagilia vilevile, bila kuuhamisha na bila kuuongezea mbolea ya kuuharakisha.